Kitanda cha Baba na Watu wa Ushuru

Swali la kwanza la maana ambalo serikali yangu iliniuliza niliporudi nyumbani kuishi lilikuwa kama nimewahi kulala kitandani kwangu. Hakuna aliyeuliza kama nimefika salama au nitakula nini. Walitaka kujua nimelala wapi, na jibu walilitaka kwa sauti.

Nianze na baba, maana bila yeye hakuna kitanda. Kiharusi kilimpiga nikiwa bado Uingereza, kikamwachia mkono mmoja unaoshika kidogo na mguu usiotaka kazi. Mdomo haukuguswa. Kichwa nacho kilibaki vilevile, ila ukaidi uliongezeka. Kila asubuhi mama aliingiza mikono yake chini ya makwapa ya baba, akamvuta akae, akapumzika kidogo, kisha akamsimamisha. Mama huyo amechuma majani ya chai kwenye shamba letu la Boito tangu nikiwa mgongoni mwake, na mgongo wenyewe ulikuwa umekwisha hata kabla baba hajaugua. Nikimpigia simu alisema yuko sawa, halafu namsikia anavyovuta pumzi akiinama kuokota kitu.

Najua mtu atauliza kwa nini binti asirudi amwinue baba yake, na kuinua watu ndiyo kazi aliyokuwa akilipwa huko ng'ambo. Ni kweli. Nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nimewainua baba za watu, nimewaogesha, nimewavalisha soksi, na wengine walinitukana huku nikiwavalisha. Lakini kwetu binti mtu mzima hamshiki baba yake mwilini. Baba haingii chumba cha binti yake, na binti haketi kwenye kitanda cha baba. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha, tumekua nayo tu. Nilipokuja likizo baada ya kiharusi kile, nilimkuta siku moja ameteleza, nusu yake iko sakafuni, nikakimbilia na mikono yangu ya kazi. Akanitazama akasema, "Ita mama yako." Nikasimama mlangoni, mimi mwenye cheti cha kuinua watu, nikangoja mama atoke shambani akiwa na kikapu mgongoni.

Ndiyo sababu nikanunua kitanda. Kilikuwa kitanda chenye mota, kama vile vya kazini kwetu. Unabonyeza kitufe, upande wa kichwa unainuka mpaka umekaa. Unabonyeza kingine, kitanda chote kinashuka hadi miguu iguse sakafu, halafu kinapanda taratibu nawe unajikuta karibu umesimama. Mtu anajiinua mwenyewe kwa kidole kimoja. Mkono wa binti hauhitajiki hapo, wala mgongo wa mama. Nilipomweleza mama kwenye simu aliniuliza kama kitakuja na mafuta ya kukiendesha au kinatumia stima. Jumapili iliyofuata alishasimama kanisani akatangaza kwamba mtoto wake anamletea mzee kitanda kinachoinua watu.

Mkenya mwenzangu aliyewahi kuhamisha nyumba yake kurudi nyumbani ndiye aliyenieleza habari za ushuru. Vyombo ulivyovitumia mwenyewe nyumbani kwako huko nje havitozwi unaporudi kuishi. Kitu kipya kinatozwa, na kitu cha mtu mwingine kinatozwa. Kwa hiyo, akasema, hicho kitanda kiweke chumbani kwako ukilalie. Rahisi tu.

Rahisi kwake, kwa sababu yeye si wa kabila letu. Ningewezaje kulala kwenye kitanda cha baba? Nililifikiria jambo hilo nikiwa kazini, nikiwa kwenye basi, nikiwa natandika vitanda vya wazee wa watu, mwisho nikapata jibu ambalo mtu yeyote wa Boito angelipata. Niliacha nailoni.

Kwetu kitu kizuri hakivuliwi nailoni. Makochi ya mama yamevaa nailoni tangu yatoke dukani, na mgeni akiinuka siku ya jua unasikia ngozi ikiachana nayo. Rimoti ya televisheni inaishi ndani ya mfuko. Sasa mimi nikatandika shuka juu ya godoro lililo ndani ya nailoni yake, nikalala hapo mpaka mkataba wangu wa kazi ulipokwisha. Nikigeuka, linalia kama mtu anayefungua mkate. Nilitoka jasho katikati ya baridi ya Uingereza mpaka nikadhani naumwa. Lakini hesabu ilikuwa sawa: kwa serikali, nimelala kitandani, kwa baba, godoro halijaguswa na mtu. Nilijiona mjanja kweli.

Mzigo ulipofika, ukapelekwa kwenye bohari moja Nairobi, na hapo ujanja wangu ukaanza kunitokea puani. Nilikuwa nimempata wakala wa kuutoa, kijana wa tai fupi anayesema "usijali" kabla hujamaliza kueleza linalokusumbua. Mara ya kwanza nilitoka Boito kukiwa bado na giza, nikafika, nikaambiwa mashine ziko chini. Nikauliza zitapanda lini. Hakuna aliyejua. Mara ya pili mashine zilikuwa juu, lakini afisa mwenye faili yangu alikuwa ameenda semina. Nikakaa kwenye benchi ya mbao na watu wengine waliorudi nyumbani kama mimi, kila mmoja amekumbatia bahasha yake, hakuna anayezungumza. Na kila siku mzigo unapolala kwenye bohari unalipiwa kulala kwake. Mimi kulala kwangu kulitiliwa shaka, mzigo kulala kwake hakuna aliyekuwa na shaka nako, ulitozwa mara moja.

Wakala alisema nisije tena mpaka aniite. Wakifungua kreti atanipigia kwa video niongee na afisa mwenyewe. "Usijali," akasema.

Sasa, nyumbani kwetu mtandao hauingii vizuri. Ukitaka kuonekana uso kwenye simu unapanda hadi kituo cha majani, pale watu wanapopeleka chai kupimwa na kusubiri lori la kiwanda. Simu ikaja saa za kupima, kama ilikuwa imepanga. Mvua nayo ikaja, ile mvua yetu ya mchana, na wote tuliokuwa nje tukajibana chini ya mabati pamoja na vikapu. Nikawa katikati ya majirani zangu wote, uso wa afisa wa ushuru kiganjani, na mvua inapiga paa hadi huwezi kusikia mwenzako akikohoa.

Alikuwa mama wa makamo, mpole, jambo lililonikera zaidi kwa sababu mtu mpole huwezi kumgombeza.

"Madam, hizi sufuria na viti ziko sawa," akasema. "Lakini hii kitanda ni mpya."

"Si mpya. Nimeitumia."

"Na hii nailoni ni ya nini? Hata rimoti iko kwa mfuko. Sticker ya duka ndio hii." Akasogeza simu nikaiona, inang'aa. "Unataka kufungua kliniki?"

"Sifungui kliniki. Huko kwetu tunaachanga tu nailoni."

"Unaachanga aje nailoni kwa godoro na unalala?"

Jirani yetu mmoja, mama wa rika la mama yangu, akapenyeza kichwa chake mbele ya kamera na mkanda wa kikapu bado uko kwenye paji la uso. "Huyu anasema ukweli!" akapaza sauti. "Hata mimi kochi yangu iko na nailoni na mtoto wangu wa kwanza ameshaoa!"

Kituo kizima kikacheka. Afisa naye akacheka, nikadhani tumemaliza.

"Mama, hata kwangu iko," akasema. "Lakini mimi naandika chenye naona. Sasa wewe niambie. Hii kitanda ni ya nani? Kama ni ya mgonjwa, iko na njia yake, lakini hiyo ungeomba kabla mzigo haijafika. Saa hii umechelewa. Kama ni ya mtu mwingine unalipa. Kama ni yako, useme ni yako na umelala hapo."

Nilijua kiasi cha ushuru, wakala alikuwa ameshanionyesha, na nilijua nilichobakiwa nacho baada ya meli na bohari. Nikilipa, kitanda kitabaki Nairobi kwa kukosa nauli ya lori. Nisipolipa, kitabaki Nairobi kwa kutolipiwa. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi. Na watu wote waliosimama pale walikuwa kanisani siku mama alipotangaza.

"Imekuwa yangu," nikasema kwa sauti ndogo.

"Sikusikii! Kuna kelele!"

"Nasema ni yangu!"

"Umelala hapo ama hujalala?"

"Nimelala!" nikapiga kelele kupita mvua. "Ni kitanda yangu! Nimelala hapo kila siku!"

"Sawa, madam. Hiyo ndio nilikuwa nataka. Naandika ni ya matumizi yako." Akakata.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Karani wa kupima majani alirudi kwenye mizani yake akaanza kupima kikapu ambacho alikuwa ameshakipima. Yule mama wa kochi akanisogelea akauliza polepole, "Ile ya mzee?"

"Ndiyo hiyo."

"Woi," akasema.

Mvua ilipokatika nikashuka nyumbani, lakini habari zilikuwa zimeshatangulia. Sijui zilipitia njia gani kwenye mvua ile. Mama alikuwa jikoni, amenipa mgongo. Nyumbani tunaongea Kikipsigis, na Kikipsigis cha mama akikasirika kinakuwa kifupi.

"Si ungesema ni ya mzee?"

"Wangetutoza."

"Si ungesema hujalala?"

"Wangetutoza, mama! Ningesema nini?"

"Ungenyamaza."

Roho ilinichemka. Nilitamani kumwambia kwamba nimevumilia jasho la nailoni kwa ajili ya heshima hii hii, kwamba heshima hii hii ndiyo inayomvunja yeye mgongo, na kwamba kule Nairobi kunyamaza nako kunalipiwa. Badala yake nilitoka nikaenda kusimama kwenye boma la ng'ombe, nikaitukana serikali kwa Kiingereza, ambacho ng'ombe wetu hawakijui.

Lori likaja baada ya siku kadhaa. Wakala alinipigia kunikumbusha masharti niliyotia sahihi: chombo kilichosamehewa ushuru usiuze wala usimpe mtu, ukifanya hivyo unarudi kulipa.

"Lakini mimi nilikuambia kutoka mwanzo ni ya baba yangu," nikamwambia.

"Madam, hiyo mimi sijasikia," akasema. "Usijali."

Tukakiunganisha kitanda sebuleni. Nailoni nilikuwa nimeichana mwenyewe kwa hasira, nikaikunja nikaitupa kwenye shimo la takataka. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anatazama kila skrubu ikiingia. Nikakiwasha. Kikapanda, kikashuka, kikajikunja kati kama mtu anayeinuka. Watoto wa majirani wakapiga makofi mlangoni.

"Ni kitanda kizuri," baba akasema. "Ni cha nani?"

"Ni chako, baba."

"Nimesikia uliiambia serikali ni chako, na umelala hapo." Hakuwa na hasira, aliuliza kama anauliza bei ya majani. "Uliidanganya serikali, au unanidanganya mimi?"

Nilifungua mdomo kumweleza habari za nailoni. Nikaona jinsi itakavyosikika, binti anamweleza baba yake jinsi alivyolala, nikaufunga. Jioni ile mama alimlaza kwenye kitanda chake cha zamani cha mbao, na asubuhi akamwinua kwa makwapa kama kawaida. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Niliisikia ile pumzi ya mama, ya kwanza anapovuta, ya pili anapopumzika, na wakati wote huo kitanda kutoka Uingereza kimekaa sebuleni, mama amekitandika kitambaa cha maua, na juu yake ameweka nguo zilizosubiri kupigwa pasi.

Siku hizo nilikuwa mtu mbaya. Nilijibu watu vibaya. Mtu akiniuliza "kitanda kinaendeleaje?" namwambia kinafuga nguo za pasi. Nilimkasirikia baba kwa ukaidi wake, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia mgonjwa, kisha nikarudi kwa yule afisa mpole na swali lake. Kule nilikotoka sheria iliniruhusu kumwinua baba wa mtu yeyote. Nchini mwangu nimepata kitanda cha kumwinua wangu, na ili kipite mlangoni nimelazimishwa kukiri neno moja linalokifanya kisifae. Ningepewa nafasi ya kueleza kwa dakika chache tu, mtu kwa mtu, bila mvua! Lakini ushuru hauna kisanduku cha kuandikia maelezo. Una ndiyo na hapana.

Asubuhi moja pumzi ya pili haikuja. Nilisikia mama akisema jina la Mungu. Nikaenda hadi mlangoni pao. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika kiuno, uso umemtoka jasho, hawezi kusimama. Baba alikuwa nusu amekaa, mkono mzima umeshika ubao wa kitanda, anateleza. Wote wawili wakanitazama.

"Nimwinue nani?" nikauliza. Nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira, sikuficha hata moja.

"Mama yako," baba akasema. "Na uite ndugu yangu."

Nikamwinua mama, nikamkalisha. Kisha nikakimbia hadi kwa baba mdogo, ng'ambo ya ua, naye akaja na gumbuti zake zenye tope akamwinua kaka yake akamweka kwenye kiti. Alipotaka kuondoka, baba akamzuia.

"Kaa, uwe shahidi," akamwambia. Halafu bila kunitazama akasema, "Mwulize huyu anauza kitanda chake kwa bei gani."

Baba mdogo akaniuliza, ingawa nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwao na nimesikia.

"Hakiuzwi," nikasema. "Baba, nimetia sahihi. Nikikiuza wananitoza."

"Mimi siwezi kulalia kitanda cha binti yangu," baba akamwambia ndugu yake. "Lakini kitanda nilichonunua kwa mtu ni changu, na aliyelala hapo zamani hanihusu. Mwambie nampa yule ng'ombe mtamba mweusi."

"Baba, serikali…"

"Serikali inamjua mtamba wangu?"

Baba mdogo akakohoa ili asicheke. Mama, kwenye kiti alichokalishwa, alinitazama kwa namna ambayo sikuhitaji kuelezwa. Kwa sheria ya Nairobi kitanda ni changu na nisikiuze. Kwa sheria ya nyumbani kisipouzwa mama ataendelea kumalizika. Nimetii ile ya kwanza kwenye mvua mbele ya watu wote, ikaniletea hili. Nikasema, "Nimekubali." Kama wanataka ushuru waje wamkamue mtamba, ambaye hata hajazaa.

Baba hakukubali kukigusa kitanda hicho mpaka mtamba atolewe kwenye zizi lake na kufungwa upande wangu wa boma, na yeye mwenyewe aonyeshwe kupitia dirishani kwamba amefungwa. Ndipo baba mdogo akatoa nguo za pasi na kitambaa cha maua, akaita majirani wakabadilisha vitanda, akamlaza kaka yake. Mimi nilikaa mlangoni. Nilimweleza baba mdogo vitufe, naye akamweleza baba, kitufe kwa kitufe, kana kwamba nazungumza lugha ya mbali.

Baba akaishika rimoti kwa mkono wake mzima. Akabonyeza. Mota ikaanza kunguruma, mabega yake yakapanda polepole, akakaa. Akabonyeza tena, miguu ikafika chini. Mama alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake, amesahau kiuno, ameinama mbele yake na kunyoosha mikono kama anavyofanya kila asubuhi.

"Wewe kaa," baba akamwambia.

Kitanda kikaendelea kupanda naye mpaka akasimama, ameshika chuma cha pembeni, anatetemeka kidogo. Mama alibaki na mikono yake imenyooka hewani, hajui aiweke wapi.